Kadari, Hiari na Meza ya Pili: Uhuru wa Mchezaji katika Sataranji ya Ligi

Mechi ya ligi ya sataranji huchezwa kwenye meza kadhaa kwa wakati mmoja, na katika kila meza wamo wawili ambao hakuna mwingine anayeruhusiwa kuwasaidia kufikiri. Hata hivyo, matokeo yanayotangazwa mwishoni si ya meza moja moja, ni ya timu. Hapo mchezo huu unagusa swali la zamani la dini na falsafa: mtu anapotenda, tendo ni lake kwa kiasi gani? Yapo yaliyokwisha kupangwa kabla hajaketi, yapo yanayotokana na wenzake walio pembeni, na yapo anayoyaamua mwenyewe. Swali hili lina uzito wake Voi na katika kaunti nzima ya Taita Taveta nchini Kenya, ambako Uislamu, Ukristo na dini ya asili ya Wataita vimeishi jirani kwa zaidi ya karne moja, na kila kimoja kina la kusema juu ya kadari, nia na moyo wa mtendaji.

Mchezo wa hiari na mchezo wa dadu

Sataranji iliingizwa mapema katika mabishano ya kadari. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad aliyefika pwani ya Afrika Mashariki karibu na mwaka 916, aliandika kuhusu michezo miwili iliyopendwa zama zake: sataranji na nardi, yaani mchezo wa dadu. Alisimulia maoni ya mwanafikra mmoja kwamba aliyebuni sataranji alikuwa na itikadi ya Muutazila, walioshikilia kuwa binadamu ana uwezo wa kutenda kwa hiari yake. Aliyebuni nardi, kwa maoni hayo, alikuwa mtu wa kadari tupu, kwa kuwa dadu ikishaanguka mchezaji hana budi kuifuata.

Katika zama hizo hizo aliishi Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki karibu na mwaka 936. Alilelewa katika fikra za Muutazila, kisha akaachana nao na kutafuta njia ya kati. Alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ndiye muumba wa matendo yote, na binadamu hulichuma tendo: analielekea kwa nia, na kwa hiyo analibeba. Itikadi hii ndiyo iliyoenea katika Uswahili pamoja na madhehebu ya Shafii.

Fikihi nayo iliitenga michezo hiyo miwili. An-Nawawi, mwanazuoni wa Shafii aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika kitabu chake Minhaj kwamba nardi ni haramu na sataranji ni makruhu, yaani haipendezi ila haikukatazwa, na kwamba pande zote mbili zikiweka mali, sataranji nayo inakuwa kamari. Wafafanuzi wa madhehebu walieleza sababu: sataranji imesimama juu ya hesabu na fikra, nardi imesimama juu ya bahati. Wanazuoni wengi wa madhehebu mengine matatu ya Sunni walikuwa wakali zaidi na wakaikataza sataranji pia. Hata walioiruhusu waliweka sharti kwamba isimpotezee mtu sala. Sharti hilo lina uzito katika ligi, maana mchezo mmoja wa muda mrefu unaweza kuchukua saa nne na kuimeza Alasiri yote. Mchezaji anaweza kuinuka, ila zamu yake ikifika saa yake inaendelea kutembea. Anayekwenda kusali analipia sala kwa dakika zake za kufikiri, na malipo hayo ni sehemu ya uamuzi wake.

Katika Ukristo mjadala wa kadari na hiari ulipamba moto Uhispania, nchi iliyoipa sataranji ufunguzi wake mmoja maarufu sana. Ruy López de Segura, kasisi wa Zafra, alichapisha kitabu chake cha sataranji mwaka 1561, na ufunguzi unaobeba jina lake unachezwa hadi leo. Miaka 27 baadaye, mwaka 1588, Mjesuiti wa Uhispania Luis de Molina alitoa kitabu kilichozua ubishi mkubwa katika Kanisa Katoliki. Alidai kwamba Mungu anajua kila kiumbe huru angefanya nini katika kila hali ambayo angewekwa, na kwamba ujuzi huo haumlazimishi kiumbe huyo kufanya lolote. Waanglikana nao wana ibara ya 17 kati ya ibara zao 39, inayozungumzia kuchaguliwa na Mungu tangu kabla ya kuumbwa kwa ulimwengu. Mafundisho ya makanisa haya mawili yalifika Taita karne ya 19: wamisionari wa Kianglikana walianza kazi Sagalla mwaka 1883, na mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bura mwaka 1892.

Ufunguzi uliorithiwa

Mchezo unapoanza, mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuchagua, na mwenye nyeusi ana 20 za kumjibu. Baada ya kila mmoja kucheza mara mbili, njia ambazo mchezo ungeweza kupita zimefika 197,281. Kwa hesabu hiyo, mchezaji anaonekana ana uwanja usio na mipaka. Ukweli ni kwamba mchezaji aliyefunzwa hatembei katika uwanja huo wote. Anashika njia zilizokwisha kupasuliwa na wengine.

Desturi hiyo ni ya kale. Wacheza sataranji wa Baghdad, kama as-Suli aliyefariki karibu na mwaka 946, walikuwa na mipangilio ya kete waliyoiandika na kuipa majina. Kila upande ulijenga mpangilio wake kwanza, ndipo vita ikaanza. Sataranji ya sasa ina kasi zaidi, na ufunguzi wake umeandikwa hatua kwa hatua. Mfano mzuri ni ulinzi wa Berlin ndani ya ufunguzi wa Ruy López. Nyeupe anasogeza askari wa mfalme miraba miwili, na nyeusi anafanya vivyo hivyo. Nyeupe anatoa farasi hadi mraba wa f3, nyeusi anatoa wake hadi c6. Nyeupe anapeleka askofu b5, na nyeusi anajibu kwa farasi wa pili hadi f6. Katika njia kuu ya ulinzi huu, malkia wote wawili wanaondoka ubaoni kwenye hatua ya nane, na mfalme mweusi anabaki katikati bila nafasi ya kujificha nyuma ya ngome. Nyeusi anaonekana amepungukiwa, lakini hali yake ni ngumu kuvunjwa. Vladimir Kramnik aliutumia ulinzi huo London mwaka 2000 kumvua Garry Kasparov ubingwa wa dunia. Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja kati ya 15.

Kijana wa Voi anayecheza hatua hizo nane leo hakuzibuni. Je, ni zake? Wanatheolojia wa Kiislamu waliuliza swali la namna hiyo kuhusu imani: mtu aliyeamini kwa kufuata wazee wake tu, bila kujua hoja yoyote, je, imani yake inatosha? As-Sanusi, aliyefariki mwaka 1490, alikuwa miongoni mwa wakali katika jambo hili. Alimtaka kila muumini ajue angalau kwa ujumla sababu ya anachokiamini. Wengine waliona kwamba ukali huo ungewatoa waumini wengi katika imani, wakasema kufuata kunatosha iwapo moyo umethibitika.

Ubao unaonyesha tofauti kati ya hali hizo mbili. Aliyekariri na aliyeelewa hucheza hatua zile zile hadi mpinzani atakapoacha njia. Katika Berlin, nyeupe anaweza kukataa njia kuu kwa kusogeza askari wa malkia mraba mmoja tu kwenye hatua ya nne. Hapo malkia hawabadilishani, na yote yaliyokaririwa kuhusu mfalme aliyebaki katikati hayana kazi. Aliyeelewa kwamba lengo la ulinzi ule lilikuwa kuibana sehemu ya katikati ya ubao bila kujiachia udhaifu anaendelea kulitafuta lengo hilo kwa hatua nyingine. Aliyekariri anasimama. Urithi basi haupunguzi uhuru wa mtu. Urithi unakuwa wa mtu pale anapoweza kuutolea sababu na kuuendeleza mahali ambapo waliomwachia hawakufika. Bila urithi huo asingekuwa huru zaidi. Angepoteza saa yake ya kwanza akitafuta yaliyojulikana tangu 1561, na angebaki na dakika chache kwa maswali yaliyo yake kweli.

Je, matokeo yameshaamuliwa?

Mwaka 1913 mwanahisabati Mjerumani Ernst Zermelo aliichunguza sataranji kama swali la mantiki. Jibu lake, kama linavyoelezwa leo, ni kwamba moja kati ya mambo matatu ni kweli tangu kabla ya hatua ya kwanza: ama nyeupe ana njia ya kushinda hata nyeusi afanye nini, ama nyeusi anayo, ama kila mmoja ana njia ya kujihakikishia angalau sare. Lipi kati ya matatu hakuna ajuaye. Kompyuta zimekamilisha hesabu ya hali zote zenye kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo. Kwa hali hizo jibu linajulikana kwa uhakika. Kwa ubao uliojaa kete 32, bado.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ni ushahidi wa kadari: matokeo yapo tayari, wachezaji wanayafunua tu. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Ukweli alioonyesha Zermelo unahusu mchezo ambao pande zote mbili hazikosei. Haumlazimishi mtu yeyote kutokosea. Hali inaweza kuwa na ushindi wa hakika, na mwenye nao akapoteza kwa papara. Kinachojulikana ni kile ambacho kila hatua ingezaa. Hatua ipi itachezwa ni jambo jingine. Molina aliitafuta tofauti hii hii alipotenganisha ujuzi wa Mungu na kulazimishwa kwa kiumbe.

Mwanafalsafa wa Marekani William James aliitumia sataranji kwa kusudi hilo hasa mwaka 1884. Alimfananisha Mungu na bingwa anayecheza na mwanafunzi. Bingwa hajui mwanafunzi atacheza hatua ipi, lakini anajua hatua zote zinazowezekana na jibu la kila moja, na kwa hiyo mwisho anaoukusudia utafika kwa njia yoyote ile. James aliona kwamba hivyo hiari ya kweli na utawala wa Mungu vinaweza kusimama pamoja. Waislamu na Wakristo wengi hawatakubali kwamba kuna jambo Mungu asilolijua kabla halijatendeka, na kwao mfano wa James unapungukia hapo. Unabaki na nguvu katika jambo moja: kuwa na mwisho uliopangwa si sawa na kuwa na kila hatua iliyolazimishwa.

Meza ya pili

Hoja za Baghdad, za Uhispania na za James zinamtazama mtu mmoja mbele ya mpinzani mmoja, au mbele ya Mola wake. Mchezaji wa ligi ana wenzake ubavuni. Katika Olimpiadi ya sataranji tangu 2008, kila timu ina wachezaji wanne mezani. Timu inayopata angalau pointi mbili na nusu kati ya nne inashinda mechi na kupewa alama mbili, na mechi ikienda sare kila timu inapata alama moja. Kabla ya hapo msimamo ulipangwa hasa kwa jumla ya pointi za michezo yote. Mabadiliko hayo yana maana ya kimaadili. Katika hesabu ya zamani, kila nusu pointi ya kila mchezaji ilikuwa na thamani ile ile. Katika hesabu ya sasa, ushindi wa mtu unaweza usiongeze chochote kwa timu, na sare yake ikawa ndiyo iliyoamua kila kitu.

Kanuni za Olimpiadi zinaheshimu hali hii kwa uangalifu. Nahodha anaruhusiwa kumwambia mchezaji wake apendekeze sare, akubali sare, au asalimu amri. Mchezaji akimuuliza kama akubali sare aliyopewa, nahodha anajibu ndiyo, hapana, au anamwachia mwenyewe. Haruhusiwi kusema neno lolote kuhusu hali ya ubao. Maarifa yamegawanywa: anayejua ubao ni mchezaji, anayepima mechi nzima ni nahodha, na hakuna kati yao aliye na yote mawili kwa ukamilifu.

Chukua mfano wa timu ya Voi katika ligi inayofuata kanuni hizo hizo, iliyosafiri kwa treni hadi Nairobi, kiasi cha kilomita 330, kwa nauli iliyochangwa na jamaa na marafiki. Kwenye meza ya pili mchezaji wao ana kete nyeusi na amechagua Berlin. Saa tatu zimepita. Meza ya kwanza Voi wameshinda, ya tatu na ya nne zimeisha sare. Timu ina pointi mbili dhidi ya moja. Mchezaji wa meza ya pili yuko katika hali nzuri kidogo, na mpinzani anampa sare. Akikubali, timu inashinda. Akiendelea anaweza kushinda na kupandisha kiwango chake mwenyewe, lakini akiteleza mechi inaishia sare. Anamuuliza nahodha, na nahodha anasema ndiyo. Anapeana mkono na mpinzani.

Tendo hilo ni la nani? Nahodha hakuusogeza mkono wake, na kanuni hazikumlazimisha kutii. Angeweza kukataa. Aliyakubali matokeo ya wenzake yawe sababu yake, na kwa kukubali huko akayafanya kuwa sehemu ya nia yake. Kwa lugha ya al-Ash'ari, amelichuma tendo ambalo mazingira yake hakuyaumba. Uhuru wake umeonekana katika kuchagua awe mtenda kwa niaba ya nani.

Geuza sasa mfano. Timu iko nyuma, pointi moja kwa mbili, na mchezaji yule yule ana hali iliyo sawa kabisa. Sare haitoshi, na nahodha hawezi kumshauri aikubali. Lazima atafute ushindi. Lakini malkia waliondoka ubaoni kwenye hatua ya nane, na ulinzi aliouchagua asubuhi ulikusudiwa kuzuia, haukukusudiwa kushambulia. Chaguo alilofanya kabla ya kujua wenzake watafikia wapi linambana sasa. Je, alaumiwe? Uislamu unafundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, na maadili ya Kikristo nayo hupima tendo pamoja na ujuzi aliokuwa nao mtendaji. Kama alichagua Berlin kwa kuamini kwamba uimara wa meza ya pili utawapa wenzake nafasi ya kushambulia, alitenda vyema, na matokeo mabaya hayalibadilishi hilo. Kama aliuchagua ili kuilinda rekodi yake tu, huku akijua timu ilihitaji ujasiri, hata sare nzuri ina kasoro. Hatua ni zile zile kwenye karatasi ya matokeo, na thamani yake ni mbili tofauti.

Hasira ya moyoni

Hapa dini ya asili ya Wataita ina mchango ambao mijadala ya kadari haikuutoa. Grace Gredys Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi kati ya Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1978, alieleza kwamba kitovu cha dini hiyo, Wutasi, ni kuitoa hasira moyoni. Katika tendo la kutasa, mtu hunywa funda la pombe ya miwa, maji ya miwa au maji matupu, kisha hulipuliza nje huku akitamka kwamba kinyongo kimetoka na kuomba heri. Wataita waliamini kwamba hasira iliyofichwa, hata ya mtu asiyekusudia ubaya, ina uwezo wa kuleta ugonjwa na mikosi kwa jamaa zake. Kwa hiyo mzee mwenye uchungu alidaiwa zaidi ya kujizuia kutenda mabaya. Alidaiwa kuusafisha moyo kwa ajili ya wale waliofungamana naye.

Mtu anaweza asiikubali imani kwamba hasira huleta ugonjwa, na bado akakiri kwamba Wutasi inaona jambo la kweli kuhusu wajibu. Mchezaji wa meza ya pili aliyekubali sare kwa ajili ya timu anaweza kuwa ametimiza kanuni yote huku moyoni amebaki na donge: ushindi wake umetolewa sadaka, na sifa imekwenda meza ya kwanza. Hakuna kanuni ya ligi iliyovunjwa. Hata hivyo, timu yenye donge la namna hiyo itacheza vibaya raundi inayofuata, maana kila mmoja ataanza kuchagua ufunguzi kwa kujihami dhidi ya wenzake. Kwa mtazamo wa Wutasi, sare ile haijakamilika hadi aliyeitoa aitoe pia kwa moyo, na hadi wenzake wamtambue kwa alichokiacha. Uislamu unamhimiza muumini kuufyeka uhasidi moyoni, na Ukristo unamtaka mtu apatane na ndugu yake kabla ya kuitoa sadaka yake madhabahuni. Wutasi inaongeza kwamba usafi huo wa moyo ni deni kwa ukoo mzima.

Mipaka ya mfano

Sataranji si maisha. Kanuni zake zimeandikwa na zinajulikana kwa wote, lengo lake ni moja, na kete hupangwa upya kwa raundi inayofuata. Binadamu hupokea urithi ambao mara nyingi hakuuchagua, hutumikia malengo yanayogongana, na matendo yake mengi hayarudishwi nyuma. Kwa hiyo ubao hauwezi kuthibitisha kama kadari ipo au haipo. Hilo linabaki kuwa suala la imani na hoja nyingine.

Unachoweza kuonyesha ni namna mambo matatu yanavyokaa pamoja bila kufutana. Kurithi ufunguzi hakumwondolei mchezaji uhuru, alimradi anaelewa alichorithi na anaweza kukitetea njia inapokatika. Kuwepo kwa jibu la hakika la kila hali, liwe linajulikana na Mungu au kwa hesabu, hakumlazimishi mtu kulicheza. Na kufungamana na wenzake hakulitoi tendo mikononi mwake, bali kunaongeza anayowajibika kwayo: matokeo ya meza yake, haja ya timu yake, na hali ya moyo ambayo kwayo amesogeza kete au ameunyosha mkono kukubali sare.